Mkeka ulitiki, pesa hazikutoka: tathmini ya tovuti ya kubeti niliyoitumia Dubai

Nimeendesha basi la wafanyakazi Dubai kwa miaka sita. Mkataba wangu ulikwisha Septemba 2025, nikarudi Tanga, na ndiyo maana leo naandika. Ningekuwa bado kule nisingethubutu kuandika hata mstari mmoja. Nitaeleza kwa nini, maana hapo ndipo tovuti hii inapomkamata mtu.

Jina lake silitaji. Tangu nijiunge hadi ninaacha lilibadilika mara tatu. Rangi zilibaki zilezile, kijani na nyeusi, na ile picha ya mchezaji aliyeruka kupiga kichwa, na "Karibu bosi" ileile unapofungua. Kilichobadilika ni jina na anwani tu. Nikikutajia jina moja utalikwepa hilo, kisha utaingia kwenye jingine la watu haohao. Bora nikuonyeshe mwenendo wao, uwatambue popote utakapowakuta.

Nilijiunga Desemba 2024. Tarehe 14 ya mwezi huo ilichezeshwa droo ya kwanza ya UAE Lottery, lotari ya taifa ya Falme za Kiarabu, zawadi kuu dirhamu milioni 100, na kempu nzima ya wafanyakazi ya Muhaisnah, ambayo wengi tunaiita Sonapur, haikuwa na habari nyingine. Chumbani tulikuwa sita. Mwenzangu wa kitanda cha juu, mtu wa Mombasa, alinionyesha kundi la Telegram lililokuwa linatoa mikeka, yaani tiketi za kubashiri mechi, ya kila siku kwa Kiswahili. Juu kabisa walikuwa wamebandika ujumbe: Dubai kamari sasa ni halali, serikali imeruhusu, beti bila hofu.

Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hii kweli?"

"Wee, si waona lotari imeanza? Na kasino yajengwa kule Ras Al Khaimah. Wamefungua hawa, bro."

Yote mawili aliyoyasema ni kweli, na ndiyo maana nilinasa. Lotari ilikuwa imeanza. Kasino inajengwa kweli Ras Al Khaimah, mojawapo ya falme za nchi ileile, kampuni ya Wynn ilipewa leseni yake Oktoba 2024 na wanalenga kufungua 2027. Uongo mtupu ningeushtukia. Hawa walichukua kweli mbili wakazifungia ndani yake uongo mmoja: kwamba mmoja akipewa ruhusa, wote wameruhusiwa.

Nianze na ubora wa huduma yenyewe, kwa haki. Kama ni kubeti tu, tovuti ilikuwa nzuri. Inafunguka haraka hata kwa simu ya bei ndogo. Ina Kiswahili, na si kile cha kutafsiriwa na mashine. Kimeandikwa na mtu anayekijua. Ligi Kuu ya NBC ilikuwemo, mechi zote, hata zile za timu ambazo huku nyumbani hupati mtu wa kuzizungumzia. Odi zake, yaani mara ngapi pesa yako itazidishwa ukishinda, zilikuwa juu kidogo kuliko za kampuni nilizozizoea Tanzania. Sasa najua kwa nini: asiyekusudia kulipa anaweza kuandika odi yoyote anayotaka. Wakati ule niliona ni ukarimu.

Chini ya ukurasa kulikuwa na muhuri wa leseni ya Curaçao, kile kisiwa cha Karibea kilicho chini ya Ufalme wa Uholanzi. Niliubonyeza nione cheti. Haukufunguka kitu, ilikuwa picha tu. Nikaendelea. Hata ungefunguka, leseni ya Curaçao haimpi mtu ruhusa ya kuchezesha kamari Dubai, kama ambavyo leseni yangu ya daladala ya Tanga isingeniruhusu kushika usukani wa basi pale Sheikh Zayed Road. Mimi dereva nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Kule nilianza upya, nikafanya mtihani wao, nikapata karatasi yao.

Onyo la pili lilikuwa wazi zaidi. Ukifungua tovuti hii kwa intaneti ya kawaida ya kule, unapata ukurasa wa Kiarabu na Kiingereza unaosema kwamba yaliyomo yamezuiwa kwa mujibu wa sera ya nchi ya usimamizi wa intaneti. Nilipiga picha ule ukurasa nikamtumia wakala wao. Huyo wakala jina lake kwenye kundi ni Coach, sijawahi kumwona uso. Akajibu ndani ya dakika moja: "Hiyo ni kawaida mkuu, weka VPN, wote wanatumia." Akanitumia na linki ya kuipakua.

VPN, programu inayoficha uko wapi mtandaoni, kwa kazi halali si kosa kule, makampuni mengi yanaitumia. Lakini jiulize swali ambalo mimi sikujiuliza: kama serikali imeruhusu, kwa nini serikali hiyohiyo imefunga mlango, na wewe unaingia kwa dirisha?

Kuweka pesa ndiko kulikonitia wasiwasi mwanzo, na wasiwasi ule nikauzoea. Hakuna kadi. Unamwandikia Coach kiasi, anakupa namba ya akaunti ya benki ya mtu binafsi. Leo jina hili, kesho jina lile, siku moja jina la mwanamke ambalo kwa masikio yangu lilikuwa la kwetu Pwani. Unatuma, na pale pa kuandika sababu ya muamala anakuagiza uandike kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "matumizi ya familia". Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi, usiku, nimelala chali na mwanga wa simu umefunikwa na shuka, na familia yangu yenyewe iko Chumbageni inasubiri nitume.

Hesabu yangu hii hapa, niliiandika kwenye daftari la mafuta ya gari. Desemba dirhamu 300. Januari 700. Februari 950. Ramadhani ilianza tarehe 1 Machi nikaacha kabisa, nikaamini nimeacha moja kwa moja. Baada ya Idi nikarudi, Aprili 400. Jumla 2,350. Mshahara wangu ulikuwa 2,600 kwa mwezi. Dirhamu moja siku hizo ilikuwa kama shilingi 700, piga mwenyewe.

Sasa ule mkeka. Tarehe 2 Aprili Simba walikuwa wamefungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Marudiano yalikuwa Dar tarehe 9. Mimi ni Simba tangu utotoni. Niliweka dirhamu 180 kwenye timu nne: Arsenal wamfunge Real Madrid, Barcelona wamfunge Dortmund, PSG wamfunge Aston Villa, na Simba wafuzu. Odi zilizidishana zikafika 17 na kitu.

Tarehe 8 usiku Arsenal wakashinda 3-0. Kesho yake alasiri nilikuwa nimeegesha nje ya ghala moja Jebel Ali nikisubiri zamu itoke, simu nimeiweka kwenye dashibodi, sauti chini. Simba wakarudisha mabao yote mawili. Penalti 4-1. Nilishuka kwenye basi nikasimama kwenye lile joto, nikamkumbatia mlinzi wa getini, Mnepali wa watu, hajui Simba wala Yanga, akacheka tu na mimi. Usiku Barcelona wakapiga 4-0, PSG wakapiga 3-1. Saa saba kasoro usiku mkeka ukatiki wote. Dirhamu 3,083. Pamoja na salio lililokuwamo, akaunti yangu ilisoma 3,140. Zaidi ya mshahara wa mwezi.

Hadi hapo ungeniuliza ningekupa nyota nne.

Nikaomba kutoa. Kwanza wakasema saa 72. Zikapita. Wakasema lazima wanithibitishe, nitume picha ya bataka, kitambulisho changu cha ukaazi, mbele na nyuma. Nikatuma. Wakasema nipige video, niishike bataka karibu na uso, nitaje jina langu na niseme kwa sauti kwamba ninatoa pesa zangu za ushindi kwenye tovuti yao. Nilijifungia chooni kempuni nikaipiga, mara mbili, kwa sababu ya kwanza walisema mwanga hautoshi. Kisha wakasema kuna kodi ya serikali, asilimia kumi, nitume kwanza dirhamu 314 ndipo wafungue.

Hapo akili ilirudi kidogo. Sisi tuliofuata kazi Dubai jambo la kwanza tunalolisifia ni kwamba mshahara haukatwi kodi ya mapato. Tena hata kwetu Tanzania, ambako ushindi wa kubeti unakatwa kodi, inakatwa kwenye pesa yenyewe ya ushindi kabla hujaipokea. Hakuna anayekudai utume pesa ili upewe pesa. Nikamwambia Coach, "Kaka, kateni humohumo mnipe inayobaki." Akasema mfumo hauruhusu. Tukavutana siku nne. Siku ya tano ikaingia dirhamu 900 kwenye akaunti yangu ya benki, kutoka kwa mtu nisiyemjua. Coach akaandika: "Hiyo ya kuanzia, tulia."

Sikutulia. Nikamwandikia kwamba nitakwenda polisi. Jibu lake ninalo hadi leo, nimelihifadhi: "Nenda mkuu. Waambie ulikuwa unacheza kamari. Video yako tunayo."

Nilikaa kitandani nikausoma ujumbe ule hadi wa Mombasa akaniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Tulizoea kufikiri hatari ya kubeti ni kupoteza. Nchi yenye sheria kali hatari inakuja siku ya kushinda. Huku nyumbani kampuni ikikudhulumu unakwenda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na tiketi yako mkononi, una haki ya kusikilizwa, kwa sababu ulichofanya ni halali na wao wamepewa leseni na bodi hiyo. Kule, kwenye tovuti isiyo na leseni ya nchi, tiketi yako ya ushindi ndiyo ushahidi wa kosa lako. Ukidai, umejishtaki. Wenye tovuti wanalijua hilo kabla yako, na biashara yao yote wameijenga juu yake. Ile video hawakuihitaji ili wanijue mimi ni nani.

Wiki iliyofuata nilikwenda baqala kununua maziwa na mkate, kadi ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Benki wakaniita tawini. Kijana wa dawati alikuwa na adabu sana. Aligeuza skrini yake nione, akaweka kalamu kwenye mstari mmoja: 900.00, jina la yule nisiyemjua, na chini yake, kwa Kiingereza, yale maneno ninayoyajua kwa moyo. Matumizi ya familia.

Nikaelewa pale, mbele ya lile dawati. Ile mia tisa haikuwa pesa ya kampuni. Ilikuwa ya mchezaji mwingine, kaniwekea mimi akidhani anajaza akaunti yake ya kubeti. Na wale wote niliowatumia mimi tangu Desemba, yule mwanamke mwenye jina la Pwani, hawakuwa wahasibu wa mtu yeyote. Walikuwa wachezaji waliokuwa wanasubiri kulipwa kama mimi. Coach hana pesa yake inayopita popote. Anazungusha zetu, na majina yanayobaki kwenye karatasi za benki ni yetu.

Yule kijana akaniuliza huyu aliyetuma ni nani kwako. Nikasema rafiki. Akaniuliza rafiki wa wapi. Nilisema uongo, nikauandika kwa mkono na kuusaini, na sijivunii. Akaunti ilifungwa siku kumi na moja, mshahara ukiwa ndani. Siku hizo nilikula kwa mkopo wa yuleyule wa Mombasa, ambaye na yeye alikuwa anawadai 600 zake kimya kimya.

Akaunti ilipofunguliwa sikurudi kazini moja kwa moja, nilipita Deira. Kuna mzee ana duka la udi na marashi, kazaliwa Unguja, kakulia Maskati, amekuja Dubai tangu barabara nyingi za leo hazijachongwa. Sisi watu wa Pwani tukiwa na karatasi ya Kiarabu isiyoeleweka tunampelekea. Nikamwamkia, nikamweleza yote, sikuficha hata ile video. Hakunigombeza. Alivaa miwani, akatafuta kwenye simu yake, akaniitia karibu.

"Soma hapa."

"Babu, Kiarabu cha sheria sikijui."

"Neno hili walijua, mwanangu." Akaweka kucha chini yake. "Qimar. Ndiyo kamari hiyo yenu, imevuka bahari tu."

Akanisomea polepole na kunifasiria. Sheria ya makosa na adhabu, amri ya shirikisho namba 31 ya mwaka 2021: anayecheza kamari ni kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini. Mcheza, si mchezeshaji tu. Mgeni juu ya hayo mahakama inaweza kuamuru aondolewe nchini, na kwa dereva mwenye watoto watatu shuleni hiyo pekee inatosha.

Akafungua nyingine, sheria ya makosa ya mtandao, namba 34 ya mwaka huohuo. Mwenye kuanzisha au kuendesha tovuti ya kamari bila idhini, na mwenye kutuma, kuchapisha au kuitangaza kamari mtandaoni: kifungo, na faini ya dirhamu 250,000 hadi 500,000, au kimojawapo. Akanyamaza akaniangalia. "Wewe umemtumia mtu?"

Na kuficha anwani ya mtandao ili kutenda kosa au kuzuia lisigunduliwe, yaani kazi ambayo VPN yangu ilikuwa inaifanya, faini yake inaanzia 500,000 inafika milioni 2. Nimepiga hesabu ile ya chini: miaka kumi na sita ya mshahara wangu, bila kula, bila kutuma nyumbani.

Nikamuuliza mbona lotari ipo. Akanieleza jambo ambalo Telegram haikuniambia. Mwaka 2023, mwezi wa Septemba, waliunda mamlaka ya shirikisho ya kusimamia michezo ya kubahatisha ya biashara, kifupi chake GCGRA. Kamari haikuacha kuwa kosa. Kilichowekwa ni mlango mmoja wenye bawabu, na asiyepita kwa bawabu yuko kulekule kwenye kosa. Hata droo za Mahzooz na Emirates Draw, zilizokuwa zikitangazwa kila mahali, zilisimama kuanzia tarehe 1 Januari 2024 kufuata agizo la mamlaka hiyo. Julai 2024 lotari ya taifa ikapewa kampuni moja. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya mamlaka, ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Jina la tovuti yako usipolikuta pale, maneno mengine yote ni upepo, na mamlaka wenyewe wanasema wazi kwamba anayecheza kwa wasio na leseni naye amevunja sheria.

Kwa kuwa hii ni tathmini, niwe mwadilifu niseme na upande wa pili, maana lotari ya halali nayo niliijaribu, Februari 2025, tiketi mbili. Tiketi moja wakati ule ilikuwa dirhamu 50, droo kila baada ya wiki mbili siku ya Jumamosi. Ulipaswa uwe na umri wa miaka 18 na uwe ndani ya nchi, na unajisajili kwa jina lako la kweli. Haikuhitaji VPN wala jina la mtu wa tatu kwenye malipo. Nilipokosa, nilijua nimekosa, yakaisha. Usiku ule nililala.

Lakini usinielewe kwamba nakutuma ukanunue. Mchezo wenyewe ulikuwa kuchagua siku 6 kati ya 31 na mwezi mmoja kati ya 12, na zawadi kuu unaipata zikilingana zote. Michanganyiko inayowezekana ni 8,835,372. Basi langu lilikuwa la watu 50. Ni mabasi zaidi ya 176,000 yaliyojaa, yamepangwa, na wewe unaambiwa mtu wako mmoja yumo katika mojawapo. Oktoba 2025 mkazi mmoja wa Abu Dhabi alimpata huyo mtu, akachukua milioni 100, na simu za watu kempuni nasikia ziliwaka upya. Ni pesa halali, na aliyeshinda alilipwa. Dirhamu 50 wakati ule zilikuwa kama shilingi 35,000. Kwetu Tanga hiyo ni unga na mafuta ya nyumba kwa siku kadhaa.

Swali la mzee kuhusu kumtumia mtu nililijibu kwa kutazama chini. Nilikuwa nimewatumia linki wawili. Tovuti ilikuwa inatoa dirhamu 50 za kuchezea kwa kila unayemleta. Mmoja hakujiunga. Wa pili alikuwa kijana wa Pangani, msafishaji kwenye jengo la ofisi Al Quoz, miaka 23, ananiita kaka tangu siku aliyopanda basi langu mara ya kwanza na hajui ashuke wapi. Alijiunga Januari kwa sababu kaka yake kamwambia ni halali.

Nilimfuata Ijumaa baada ya sala. Tulikaa kwenye ukingo wa maegesho, nikamwambia kila kitu kama nilivyoambiwa mimi: kifungu cha mcheza, kifungu cha mtumaji ambacho ni changu, akaunti za watu, video. Nilitegemea akasirike. Aliniuliza tu, "Sasa kaka, zile mia nne zangu?" Alikuwa amewawekea 400, zikafika 700, akaomba kutoa, wakamtaka bataka na video, akawapa. Wiki hiyohiyo walikuwa wamemwomba na namba yake ya benki "ili wamlipie." Namba nilimzuia asitoe. Tulifuta programu na VPN palepale, tukatoka kwenye kundi. Zile 400 nilimlipa mimi, kwa awamu mbili, ya mwisho Juni. Alikataa kwanza, nikamwambia kama ananiita kaka azipokee.

Ushauri wa vitendo kwa aliye ndani sasa hivi: usitume "kodi", usitume chochote tena, na usipokee pesa ya mtu usiyemjua hata kama wanasema ndiyo ushindi wako. Namba ya benki usiwape. Salio lililobaki lihesabu limekwenda. Mimi hawanidai kitu, ila nawadai 2,240, na sitazipata. Kama benki wameshakuita, tafuta wakili wa kule kabla hujaandika maelezo yoyote, usifanye kama mimi. Na ukikuta linki kwenye kundi la watu wa kwenu, usiisukume mbele hata kwa mzaha, kwa sababu sheria inamtazama aliyetuma kwa ukali kuliko aliyecheza.

Nyota moja, na ni ya yule aliyeandika Kiswahili chao, kwa kuwa kazi yake aliijua. Natamani angeifanya mahali pengine.

Coach bado ananiandikia, namba yangu ya Tanzania sijui kaipata wapi. Juzi kaleta jina jipya la tovuti na bonasi ya kukaribishwa. Mimi hana cha kunishika tena, bataka yangu ilifutwa pamoja na viza. Ya yule kijana wa Pangani ina mwaka mmoja na zaidi mbele, na picha zake, mbele na nyuma, wanazo.